Duka Lipimwe Aprili kwa Aprili: Somo la Kujitathmini kwa Wenye Biashara Ndogo

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mwaka wa biashara haufuati kalenda iliyotundikwa ukutani. Hufuata kahawa. Msimu unapofunguliwa, mwezi Mei au Juni, fedha huanza kushuka vijijini kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na tangu hapo hadi Septemba mwenye duka wa Nkwenda, fundi cherehani wa Kayanga, mama lishe wa Omurushaka na dereva wa bodaboda wa Isingiro huuza kuliko miezi mingine yote. Mabati hununuliwa, harusi hufungwa, madeni hulipwa. Kisha fedha hupungua. Januari hudai sare na madaftari ya shule, Machi hudai mbegu na vibarua wa palizi, na ifikapo Aprili sehemu kubwa ya mauzo ya duka huwa ni maandishi tu kwenye daftari la mikopo, kwa ahadi moja inayojulikana na kila mtu: "Kahawa ikiiva."

Mwendo huo humdanganya mwenye biashara mara mbili kwa mwaka. Anayejipima Agosti hujiona hodari, na huenda akafungua duka la pili. Anayejipima Machi hujiona ameshindwa, na huenda akafunga hata lile la kwanza. Wote wawili wamepima msimu, wala hawakupima biashara zao. Tangu Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, miji midogo ya pande zote mbili imeendelea kukua na maduka yameongezeka. Hata hivyo, si jambo geni kuona milango inayofunguliwa Juni kwa rangi mpya ikifungwa kabla ya Pasaka, na mwenye duka akaondoka bila kujua ni nini hasa kilichomwangusha. Husema biashara ni ngumu, au kwamba kuna jirani mwenye mkono mbaya. Jibu la kweli mara nyingi lilikuwamo dukani siku zote, ila halikuhesabiwa.

Hesabu ya siku moja

Kujitathmini huanza kwa hesabu moja inayochukua siku nzima na isiyohitaji elimu ya juu. Siku inayofaa ni ya mwisho wa Aprili, kabla fedha za kahawa hazijaingia, kwa kuwa siku hiyo duka husimama kwa miguu yake lenyewe. Mlango hufungwa, na mwenye duka huandika mambo manne: thamani ya mzigo wote uliomo kwa bei aliyonunulia, si kwa bei anayouzia, fedha taslimu zilizopo, pamoja na zilizomo kwenye simu, fedha anazodai wateja, na fedha ambazo yeye mwenyewe anadaiwa na wauzaji wa jumla, kikundi au ndugu. Mambo matatu ya kwanza hujumlishwa, la nne hutolewa. Kinachobaki ndiyo mali ya biashara.

Asiyejua kuandika vizuri hana haja ya kuona haya. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika huku mzazi akihesabu. Jambo la muhimu ni kwamba namba ziandikwe mahali pasipopotea, kwani wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakizungumzia matajiri peke yao.

Uchukuliwe mfano wa mwanamke mwenye duka la vyakula na vifaa vya nyumbani katika mji mdogo. Ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo, lakini wenye maduka wataitambua hali yake. Mwisho wa Aprili ana mzigo wa shilingi 1,800,000, fedha taslimu 250,000, anadai wateja 640,000, naye anadaiwa na muuzaji wa jumla 400,000. Kabla ya kujumlisha, anapitia orodha ya wadaiwa jina kwa jina na kukiri kwamba 180,000 ni za watu waliohama, waliofariki au wanaokana deni. Fedha hizo anazifuta. Wanaobaki wanadaiwa 460,000. Mali ya biashara ni shilingi 2,110,000.

Mwisho wa Septemba anahesabu tena na kupata 3,000,000. Hapo ndipo wengi husimama, wakamshukuru Mungu na kununua pikipiki. Yeye anasubiri. Aprili inayofuata ana mzigo wa 1,500,000, fedha 300,000, madeni yanayoweza kulipwa 450,000, na anadaiwa 350,000. Jumla ni 1,900,000. Aprili kwa Aprili, biashara imepungukiwa na shilingi 210,000.

Je, duka linaendeshwa kwa hasara? Hapana, na hapa ndipo hesabu inapomfunulia jambo ambalo macho hayalioni. Katika mwaka huo mwanamke huyu amekuwa akitoa dukani wastani wa shilingi 5,000 kila siku kwa ajili ya nyumba: unga, sabuni, mafuta ya taa, nauli ya mtoto, mchango wa msiba. Kwa siku 365 hizo ni shilingi 1,825,000. Ikiwa ametoa kiasi hicho na mali imepungua kwa 210,000 tu, basi duka lilizalisha faida ya shilingi 1,615,000. Biashara inafanya kazi yake. Nyumba ndiyo inayokula kuliko kinachozalishwa. Dawa ya hali hii haifanani kabisa na dawa ya duka lisilozalisha. Akipunguza matumizi hadi shilingi 4,000 kwa siku, nyumba itatumia 1,460,000 kwa mwaka, na duka litakua kwa shilingi 155,000 badala ya kupungua.

Hesabu ileile ina neno jingine. Kati ya Aprili na Septemba, siku 153, duka liliongezeka kwa 890,000 na nyumba ikachukua 765,000. Faida ya msimu ilikuwa 1,655,000. Kati ya Septemba na Aprili, siku 212, nyumba ilichukua 1,060,000 na mali ikashuka kwa 1,100,000. Maana yake ni kwamba kwa miezi saba duka halikuzalisha hata senti. Lilipoteza shilingi 40,000. Swali la mwaka unaofuata si tena namna ya kuuza zaidi mwezi Julai. Ni bidhaa gani zinazotakiwa na watu Oktoba, Januari na Machi, na kama duka linazo.

Mkono wa mwenyewe

Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mchovyaji mkubwa wa duka ni mwenye duka. Halichovyi kwa uovu. Mtoto anaumwa, mgeni amefika, sukari imo rafuni. Nani atakwenda kununua kwa jirani? Kosa lililopo ni kutoandika, kwa maana kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hufikiriwa kuwa kidogo.

Mbali kabisa na Kagera, katika Jamhuri ya Dominika, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo katika makundi. Wengine walifundishwa uhasibu wa kawaida, wengine wakafundishwa kanuni chache rahisi, mojawapo ikiwa kuweka fedha za biashara na fedha za nyumbani katika droo mbili tofauti na kuandika kila shilingi inayohama kutoka moja kwenda nyingine. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kanuni rahisi zilibadilisha mwenendo wa biashara, ilhali somo la uhasibu halikuacha alama ya maana. Kwa mwenye genge hii ni habari njema. Makopo mawili yenye vifuniko hupatikana kila kijiji.

Njia iliyo bora ni mwenye duka kujilipa mshahara. Akishajua kwamba biashara yake huzalisha shilingi 1,615,000 kwa mwaka, sawa na takriban 134,000 kwa mwezi, anaweza kujipangia 120,000 na kuziweka katika kopo la nyumbani siku ya kwanza ya mwezi. Zikiisha kabla ya tarehe 30, nyumba imekosa, na duka haliguswi. Ni kanuni ngumu, wala isidhaniwe kwamba inatimizwa na mtu mmoja peke yake.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2008 watafiti wakishirikiana na Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mafunzo ya biashara kwa wakopaji wa PRIDE Tanzania jijini Dar es Salaam. Biashara za wanaume waliohudhuria zilinufaika waziwazi. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Watafiti walielekeza macho kwenye vizuizi vilivyo nje ya darasa, yakiwemo majukumu ya nyumbani. Kwa hiyo si haki kumwambia mwanamke ajitathmini kana kwamba kila shilingi inayotoka dukani hutoka kwa hiari yake. Mume anayetuma mtoto dukani kuchukua soda, mama mkwe anayepewa kilo mbili za mchele kila Jumamosi, shemeji anayekopa vocha: hao wote wamo katika hesabu, na siku ya kuisoma hesabu hiyo wangestahili kuketi pamoja naye. Familia inayoonyeshwa namba 1,825,000 ikiwa imeandikwa kwa kalamu hubishana kidogo kuliko familia inayoambiwa "mnanimaliza."

Madeni ya kusubiri kahawa

Hakuna duka la kijijini katika wilaya hizi linaloweza kukataa kabisa kukopesha. Anayekataa hupoteza wateja wa Julai. Kinachoweza kupimwa ni aina ya deni. Wapo wanaolipa ndani ya mwezi. Wapo wanaolipa kahawa ikiuzwa. Na wapo ambao msimu mzima wa kahawa umewapita nao hawakufika dukani hata kuomba radhi. Deni la kundi hili la tatu lifutwe katika hesabu ya mali, ingawa halifutwi katika daftari. Kuliita mali ni kujifariji.

Gharama ya kusubiri nayo ihesabiwe. Shilingi 100,000 za bidhaa zilizokopeshwa Januari na kulipwa Agosti hurudi zikiwa shilingi 100,000 zilezile. Kama fedha hizo zingezunguka mara moja kila mwezi na kuleta faida ya 6,000 kila mzunguko, miezi saba ingeleta 42,000. Hiyo ndiyo zawadi ambayo mwenye duka amempa mteja bila kuambiwa asante. Tena bei ya jumla huwa imekwisha panda, na mzigo wa Januari haununuliki tena kwa fedha ileile.

Sehemu iliyo ngumu ni ya ulimi. Mdaiwa si mtu baki. Ni mjomba, ni mzee wa kanisa, ni mama aliyemlea. Kumwambia, "Mjomba, deni lako tangu Januari limefika shilingi 38,000, naomba tusiongeze mpaka upunguze hata 10,000," huhitaji moyo. Wapo wanaoona afadhali duka life kuliko kuyatamka maneno hayo. Mwenye biashara ajiulize kwa unyofu: ni mara ngapi mwezi uliopita alisema ndiyo ilhali akijua kwamba jibu lilikuwa hapana? Idadi hiyo ni kipimo chake yeye binafsi, na yafaa iandikwe pembeni mwa ukurasa wa mikopo.

Wengine huikwepa aibu ya kudai kwa njia iliyo mbaya zaidi. Humpa mkulima sukari na mafuta Februari, kisha huchukua kahawa yake ikiwa bado changa mtini kwa bei ndogo. Hiyo ndiyo butura, ambayo Serikali imeipiga marufuku na ambayo kila kaya ya Karagwe na Kyerwa inaijua kwa jina. Mkulima huvuna kisicho chake. Mnunuzi hujipatia faida ambayo haikutokana na ustadi wowote wa kuendesha duka. Zaidi ya kuwa ni kosa, butura huharibu tathmini. Mwenye duka aliyejipatia gunia kadhaa kwa njia hiyo hudhani duka lake linastawi, kumbe likiondolewa gunia hizo halisimami. Kahawa ina njia yake: chama cha msingi, na juu yake Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kinachohudumia wakulima wa wilaya zote mbili. Mdaiwa alipe deni lake kwa fedha baada ya kuuza huko.

Bidhaa moja moja

Baada ya hesabu ya mwaka, mwenye duka achague bidhaa tano zinazotoka haraka na kuzipima kila moja. Wengi hushangaa kugundua kwamba bidhaa inayouzwa sana ndiyo inayoleta kidogo. Sukari ni mfano mzuri, na bei zinazotajwa hapa ni za kufundishia tu. Mfuko wa kilo 50 umenunuliwa kwa 140,000, bodaboda imelipwa 3,000. Kilo moja inauzwa 3,000. Mfuko wote unaleta 150,000. Faida inaonekana kuwa 7,000. Lakini sukari hupimwa kwa vijiko na vifungashio vidogo, mkono hulegea, chungu huingia, mtoto huonja. Zikipotea kilo mbili tu, faida iliyobaki ni shilingi 1,000 kwa mfuko mzima. Dawa yaweza kuwa mizani iliyohakikiwa, si kupandisha bei.

Kwa wanaofanya biashara Murongo, ng'ambo ya Kikagati, kuna mtego wa ziada. Anayeuza kwa shilingi ya Uganda na kununua kwa shilingi ya Tanzania anaweza kupata faida kwenye bidhaa na kuipoteza kwenye kubadilisha fedha. Daftari lake liwe na safu ya kiwango cha siku, kila siku.

Kipo pia kisa cha chenji. Huko magharibi mwa Kenya watafiti walichunguza biashara ndogo na kubaini kwamba wenye maduka walikuwa wakipoteza mauzo kwa sababu tu hawakuwa na fedha ndogo za kurudishia mteja. Ama mteja aliondoka, ama muuzaji alifunga duka kwa dakika kadhaa kwenda kutafuta chenji. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. La kuvutia ni lililofuata. Baadhi ya wenye maduka walitembelewa kila wiki na kuulizwa tu ni mauzo mangapi walikosa kwa ajili ya chenji. Hawakupewa mkopo wala kufundishwa kwa muda mrefu. Kuulizwa kulitosha kuwafanya waanze kuweka chenji ya kutosha. Walikuwa wakilijua tatizo siku zote bila kuliona. Mwenye kinyozi, mgahawa au duka la dawa baridi anaweza kujiuliza swali lake kila Jumapili jioni: wiki hii ni wateja wangapi walitoka mikono mitupu, na kwa nini?

Mwenye biashara mwenyewe

Namba zikishakaa sawa, hubaki sehemu ambayo watu wengi wangependa iachwe. Duka hufunguliwa saa ngapi kwa kweli, si saa iliyokusudiwa? Mteja anapouliza bei mara ya tatu, anajibiwa kwa sauti gani? Fedha za mauzo ya Jumamosi huanza kupungua kabla au baada ya kupita kwenye rubisi? Je, bidhaa zilizopo zilichaguliwa kwa sababu watu wanazihitaji, au kwa sababu jirani anaziuza? Katika stendi moja yaweza kuonekana maduka manane yaliyopangana, yenye sabuni zilezile, biskuti zilezile, na betri zilezile, kila mmoja akimwombea mwenziwe afunge.

Mtu hawezi kujiona kisogo. Kwa hiyo ipo faida kubwa ya kuuliza wengine, na wa kuulizwa si rafiki. Ni mteja aliyeacha kuja. Mwenye duka akimpata sokoni amwambie kwa heshima, "Mama, siku hizi sikuoni dukani, kama kuna lililokukera naomba unieleze nijirekebishe," kisha anyamaze asikilize asijitetee. Jibu huweza kuuma. Pengine mizani ilipunja. Pengine mtoto wa dukani alimjibu vibaya. Pengine alidaiwa mbele ya watu. Majibu matatu ya namna hiyo hufundisha kuliko semina.

Kuhusu semina, neno moja. Jijini Lomé, nchini Togo, biashara ndogo 1,500 ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja halikufundishwa. La pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara. La tatu lilifundishwa mwenendo wa mtu mwenyewe: kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele, kuvumilia kikwazo na kujaribu tena kwa njia nyingine. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, faida ya kundi la tatu ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la pili ilipanda kidogo mno kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati. Haimaanishi kwamba daftari halina kazi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na daftari safi na bado akauza sabuni zilezile na jirani zake saba. Mwenye duka wa mfano, aliyekwisha kuona kwamba miezi saba ya mwaka haimpi kitu, akiweka majembe na mbegu za maharage kabla ya mvua za Septemba, na kalamu na madaftari mwanzoni mwa Januari, ndipo hesabu yake itakapokuwa imeanza kuzaa.

Daftari linapopelekwa ofisini

Daftari lina manufaa ya haraka pia. Katika kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, viwango vilivyowekwa tangu mwaka 2019 humtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi. Mauzo yakiwa kati ya 4,000,000 na 7,000,000, asiye na kumbukumbu kamili hulipa 100,000, ilhali mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000. Kwa mauzo ya 5,000,000, basi, mmoja hulipa 100,000 na mwingine 30,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000, yaani 150,000 kwa mauzo ya 9,000,000. Viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo mlipakodi aulize kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kujikadiria.

Vivyo hivyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upitiwe upya, ukarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, lakini si ruzuku. Kikundi kinachofika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kikiwa na hesabu za Aprili mbili za kila mwanachama kinaweza kuonyesha ni miezi gani marejesho yatakuwa mepesi na ni miezi gani yatakuwa mazito. Kisicho na hesabu hizo kitaomba kiasi cha juu kabisa, kigawane, na Machi kitaanza kutafutana. Mwenye duka wa mfano angegundua kabla ya kusaini kwamba hana uwezo wa kurejesha kitu kati ya Oktoba na Aprili isipokuwa aweke akiba ya msimu. Huenda angekopa kidogo zaidi. Huenda asingekopa kabisa mwaka huo.

Ushauri juu ya leseni na masoko hutolewa na maafisa biashara wa halmashauri zote mbili, Kayanga na Rubwera, na SIDO ina ofisi Bukoba kwa wenye viwanda vidogo na usindikaji. Watakaohesabu mzigo wao mwisho wa Aprili waandike tarehe juu ya ukurasa, waweke sahihi pamoja na shahidi mmoja wa nyumbani, na walihifadhi daftari hilo hata likijaa, kwani sheria ya kodi hutaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.